Mtihani wa Kuingia Shule ya Bweni: Alama Zina Uzito Gani?

Kila mwaka, mvua zikikoma na majani yakianza kukauka katika nchi ya Dilolo, neno moja hupita kijiji kwa kijiji, kutoka Kasaji hadi mpaka wa Angola: mtihani. Watoto wa darasa la sita hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Na wale ambao wazazi wao hutamani kuwatuma katika shule ya bweni, au katika seminari ndogo, hufanya tena mtihani wa pili, uliotungwa na shule ile inayopokea. Kisha orodha hubandikwa ukutani. Jina lipo, au halipo. Na kando ya kila jina pana hesabu ndogo: 81, 74, 66, 59. Mzee asiyejua kusoma humwomba mjukuu wake amwonyeshe kwa kidole.

Hesabu hiyo huandikwa kwa dakika moja, nayo yaweza kuamua miaka arobaini ya maisha ya mtu. Kwa hiyo yafaa kuuliza pasipo haraka: je, ni haki kumpokea mtoto mmoja na kumkataa mwingine kwa alama za mtihani peke yake? Na kama si haki, alama hizo zipewe uzito gani, na kitu gani kiwekwe upande wa pili wa mizani? Walimu hulitazama swali hili kama jambo la kazi yao. Walakini lawahusu watu wote, maana ni swali la kugawanya kitu kilicho kichache kati ya watu wengi wanaokihitaji.

Msomaji achukue mfano huu. Shule ya bweni ya wasichana ina vitanda 40 kwa wanafunzi wapya. Waliokuja kuomba ni 120. Vitanda 39 vimekwisha kupata wenyewe, kimebaki kimoja. Mbele yake wako wasichana wawili. Wa kwanza amezaliwa Kolwezi. Baba yake ana kazi katika kampuni ya shaba, nyumba yao ina taa ya umeme, na mwalimu wa Kifaransa huja kumfundisha nyumbani mara mbili kwa juma. Amepata alama 71 katika 100. Wa pili ametoka kijiji kilicho mwendo wa siku moja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Dilolo. Wazazi wake hulima mihogo. Darasani kwao watoto sita walisoma katika kitabu kimoja. Amepata alama 66. Ni nani atakayelala juu ya kitanda kile?

Wengi hujibu mara moja: 71 ni zaidi ya 66, maneno yamekwisha. Wengine nao hujibu mara moja: maskini apewe, tajiri atajitafutia. Majibu yote mawili yana kasoro moja, yaani upesi wake.

Kabla ya kuzitazama alama, yapasa kukutazama kukataliwa kwenyewe. Msichana wa Kolwezi akikataliwa katika shule hii, kesho baba yake atakwenda mtaa wa pili, na keshokutwa mtaa wa tatu, maana mjini shule za kutwa ni nyingi, nzuri na mbaya. Msichana wa Dilolo akikataliwa, hakuna mtaa wa pili. Shule ya sekondari ni mbali mno kwa miguu ya mtoto wa miaka kumi na miwili, wala hana shangazi mjini wa kumpa mahali pa kulala. Atabaki kijijini na jembe lake, na kabla ya miaka mingi kupita wajumbe wa posa watapiga hodi. Kama angekuwa mvulana, pengine angewafuata wenzake katika mashimo ya wachimbaji wa kobalti kandokando ya Kolwezi. Neno la kukataa limeandikwa kwa wino uleule. Lakini kwa mmoja ni mlango mmoja kati ya mingi, na kwa mwingine ni mwisho wa masomo. Alama hutoa habari za mtihani. Habari za kukataliwa hazizijui kabisa.

Hata hivyo wale wanaozidharau alama wakumbuke kwanza kwa nini watu walizibuni. Katika Uchina ya zamani wafalme waliwachagua watumishi wa serikali kwa mitihani kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja, hata desturi hiyo ilipofutwa mwaka 1905. Tangu nyakati za ukoo wa Song jina la mtahiniwa lilifunikwa, na makarani wakaiandika upya karatasi yake yote kwa mwandiko wao wenyewe, ili msahihishaji asiutambue mkono wa mwana wa rafiki yake. Taabu hiyo yote ilikuwa ya nini? Wachina waliyajua macho ya binadamu. Jicho likiona jina, halioni tena jibu.

Watu wa Dilolo na Kolwezi hawana haja ya kufundishwa jambo hili na Wachina. Nani hajasikia habari ya barua ndogo iliyotoka kwa mkubwa fulani, au ya mbuzi aliyekutwa amefungwa nyuma ya nyumba ya mtu, au ya matabishi yaliyopita chini ya meza? Mtoto wa mkulima hana mjomba ofisini. Alicho nacho ni karatasi yake tu. Jina lake likifunikwa, 66 yake ni sawa kabisa na 66 ya mtoto wa mkubwa, na hapo ndipo pahali pekee katika nchi ambapo wawili hao wamelingana. Mtu akiivunja mizani hiyo kwa ajili ya huruma, yule atakayeingia wa kwanza katika nafasi iliyo wazi hatakuwa maskini. Atakuwa mwenye mbuzi.

Basi alama zina heshima yake. Lakini kujua kwamba karatasi haina upendeleo si kujua kwamba karatasi imesema kweli yote.

Jambo la kwanza ni lugha. Mtoto wa kijiji cha Dilolo huongea Kichokwe, au Kilunda, au Kiluvale nyumbani kwao. Kiswahili hukipata stesheni, sokoni na kanisani. Kifaransa hukutana nacho ubaoni tu, na ubao wenyewe umepauka. Mtoto wa Kolwezi amekunywa Kiswahili pamoja na maziwa, na Kifaransa hukisikia katika redio kila asubuhi. Kisha wote wawili huletewa swali moja la hesabu, limeandikwa kwa Kifaransa. Kwa mtoto wa mjini ni swali moja. Kwa yule wa kijijini ni maswali mawili, na la kwanza ndilo gumu: mwulizaji amesema nini?

Tena maswali yenyewe yana nchi yake. Vitabu vya hesabu vya zamani vilipenda sana swali la beseni la kuogea: bomba moja hulijaza kwa dakika kadhaa, tundu la chini hulimwaga kwa dakika kadhaa, beseni litajaa baada ya muda gani? Mtoto anayeteka maji mtoni kwa ndoo hustaajabu kwanza kwa nini mwenye nyumba haliizibi lile tundu. (Naye ana haki ya kustaajabu.) Mtoto huyohuyo aulizwe magunia ya mihogo mikavu yatakayopakiwa juu ya lori, na bei ya kila gunia, na kiasi atakachokata mwenye lori, atahesabu kwa kichwa kabla mwalimu hajachukua chaki.

Iko pia safari. Mtihani wa shule ya bweni mara nyingi hufanywa mjini. Reli ya Tenke hadi Dilolo, iliyoungana na ile ya Benguela mwaka 1931, ilijengwa kwa ajili ya shaba kwanza, na abiria wameijua tabia yake tangu siku zile: hungoja. Asiyengoja treni hupanda juu ya mizigo ya lori. Mtoto aliyelala siku mbili juu ya magunia huketi mbele ya karatasi na vumbi lingali katika nyusi zake. Pembeni yake ameketi mwenzake aliyelala kitandani kwao na kunywa chai.

Na hata msahihishaji mwenye haki si mizani ya dhahabu. Mwaka 1912 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, waliichukua karatasi moja ya mtihani wa lugha, wakapiga nakala zake, wakazituma kwa walimu wengi wa shule mbalimbali ili kila mmoja aisahihishe katika 100. Karatasi ilikuwa ileile, neno kwa neno. Zilipokusanywa, alama zake zilitofautiana kwa zaidi ya 30. Watu wakasema, ndiyo, katika lugha kila mtu ana ladha yake. Basi mwaka uliofuata wakafanya vivyo hivyo kwa karatasi ya jiometria, na tofauti haikupungua. Tangu hapo walimu wamejifunza kusahihisha vizuri zaidi, kwa kanuni zilizoandikwa, na kwa wasahihishaji wawili. Lakini tofauti ya alama tano, kama ile ya 71 na 66, bado ni ndogo kuliko tofauti iwezayo kutokea kati ya walimu wawili waaminifu, au ya mwalimu mmoja kabla ya chakula na baada ya chakula.

Wakristo wanapofika hapa hupenda kumtaja Mtakatifu Yohane Maria Vianney, padri wa Ars. Husema: tazameni, alishindwa mtihani, naye akawa mtakatifu, basi mtihani si kitu. Yafaa habari hiyo isimuliwe vizuri, maana wengi wameisikia nusu yake.

Vianney alizaliwa mwaka 1786 katika kijiji karibu na Lyon, nchi ya Ufaransa, mwana wa wakulima. Siku za utoto wake zilikuwa siku za mapinduzi, shule zilifungwa, akachunga mifugo. Kilatini alikianza akiwa kijana mkubwa, wakati wenzake walikuwa wamekwisha kukizoea. Mwaka 1813 akaingia seminari ya Lyon, ambako masomo yalifundishwa na kuulizwa kwa Kilatini. Hakuweza kujibu. Akarudishwa. Ndipo mlezi wake, Padri Balley wa Écully, aliposimama. Hakuomba kijana asamehewe mtihani. Aliomba aulizwe tena, naye akaulizwa kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani kwao, akajibu vema. Mwaka 1815 akapadrishwa. Tena Balley hakumwacha hapo: alimchukua awe msaidizi wake huko Écully na kuendelea kumfundisha mpaka mzee yule alipokufa mwaka 1817.

Kwa hiyo habari ya padri wa Ars haisemi kwamba mtihani si kitu. Yasema kwamba maswali yaweza kuwa yaleyale na jibu likabadilika, lugha ikibadilika. Yasema pia kwamba aliyemtetea alikuwa mtu aliyeishi naye miaka mingi katika nyumba moja, ambaye baada ya kumtetea alikubali kufanya kazi ya kumfundisha. Barua ya mistari miwili kutoka kwa mtu aliyemwona mtoto mara moja si ushuhuda wa namna hiyo.

Kongo yenyewe imejaribu njia mbalimbali za kuchagua. Programu ya shule ya mwaka 1948, siku za Wabelgiji, iliwatenga watoto mapema sana. Baada ya miaka miwili ya kwanza ya shule ya msingi wachache waliochaguliwa waliingizwa katika madarasa yaliyowatayarisha kwa sekondari, na wengi wakawekwa katika madarasa ya kawaida, ambayo mwisho wake ulikuwa shamba. Mtoto wa miaka minane au tisa alikuwa amekwisha kuhukumiwa, naye bado hajui kufunga vizuri kamba ya nguo yake. Kwa Mkongo aliyetaka masomo marefu, seminari ilikuwa kwa miaka mingi mlango mpana kuliko yote. Ndiyo maana mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, mapadri Wakongo walikuwa mamia, na Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30.

Mwaka 1962 serikali ya nchi huru ikabadili utaratibu. Miaka miwili ya kwanza ya sekondari ikawa miaka ya kuwatazama watoto wote pamoja kabla ya kuwagawanya katika njia zao. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ikaendelea katika fikira hiyo: elimu ya msingi ikahesabiwa kuwa miaka minane, na kugawanyika kukaja baada yake. Nia yaonekana wazi: mtoto asikatwe kabla hajatazamwe kwa muda wa kutosha. Lakini shule ya bweni haiwezi kuifuata nia hiyo kwa urahisi. Hapana budi kitanda kipate mtu mwezi wa Septemba. Kwa mtoto wa mbali, mkato wa umri wa miaka kumi na miwili umebaki palepale ulipokuwa, sheria iseme itakavyosema.

Je, basi ushuhuda wa watu ushike mahali pa alama? Majirani wa Tanzania walijaribu kitu kinachofanana na hicho, si kwa watoto, bali kwa chuo kikuu. Mwalimu Nyerere alikuwa ameilaumu mitihani tangu mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, kwa kuwa hupima kumbukumbu na kuacha mengine yaliyo bora. Mwezi wa Novemba 1974, katika mkutano wa chama uliofanyika Musoma, ikaamuliwa kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuoni moja kwa moja; afanye kazi kwanza, kisha alete ushuhuda wa mwajiri wake na wa chama. Nia ilikuwa njema: mwenye bidii na moyo wa kuwatumikia watu aonekane, hata kama si bingwa wa karatasi. Lakini idadi ya wasichana walioingia ikashuka, na baada ya miaka michache ikabidi wao waruhusiwe tena kuingia moja kwa moja. Hakuna aliyekusudia kuwafungia. Njia ilirefushwa tu. Na njia ikirefushwa, msichana ndiye hutangulia kubaki nyuma, maana njiani kuna ndoa, kuna mtoto, kuna mama mgonjwa wa kutunzwa.

Tena shahidi naye ni mtu. Anayeombwa kuandika ushuhuda amepewa uwezo juu ya maisha ya mwingine, na uwezo huo huvuta mbuzi kama asali ivutavyo siafu. Kwa hiyo kila ushuhuda yapasa uulizwe mambo mawili: shahidi amemjua mtoto kwa muda gani, na je, atapata faida yo yote mtoto akipokelewa?

Wakatekumeni wanalijua jambo hili kwa maisha yao wenyewe. Kabla ya ubatizo Padri huwauliza maswali, na asiyejua huambiwa angoje. Lakini Padri humwuliza pia mwalimu wa kijiji: huyu anaishi namna gani nyumbani mwake? Majibu mazuri hayamfichi anayempiga mke wake. Na mwenendo mzuri haumwondolei mtu wajibu wa kujifunza. Bibi mzee mwenye ulimi mzito huulizwa kwa Kichokwe, polepole, chini ya mwembe, wala hakuna anayesema kwamba mtihani umeharibika.

Sasa, alama zipewe uzito gani? Kazi yake ya kwanza ni kuwa kizingiti. Kiko kiwango ambacho mtoto akiwa chini yake hawezi kuyafuata masomo, na kumpokea kwa huruma ni kumtesa. Atakaa nyuma ya darasa akinakili asichokielewa. Wazazi wamekwisha kuuza mbuzi wote na baiskeli pia. Siku za Noeli atarudi amenyamaza, na kijiji kizima kitasema kwamba watoto wa kwetu hawana akili. Huruma ya namna hiyo huwagharimu hata wale watakaokuja nyuma yake. Lakini kizingiti kipimwe kwa kweli: ni kiasi gani cha Kifaransa na cha hesabu kinachohitajika ili mtoto aanze? Shule nyingine huweka kizingiti chake juu sana si kwa sababu ya masomo, bali ili isifiwe.

Juu ya kizingiti, alama husema kweli zaidi zikilinganishwa kati ya watoto waliokunywa kisima kimoja. Watoto wawili wa mwalimu mmoja, mmoja na 85 na mwingine na 55, wametoa habari iliyo wazi. Lakini 66 ya mtoto aliye wa kwanza katika darasa la watoto 50 wenye vitabu tisa, na 71 ya mtoto aliye wa kumi na tano katika darasa la mjini, si hesabu za namna moja. Nafasi yake darasani ni alama nayo. Yaonyesha mtoto amefanya nini na kile alichopewa.

Kenya walilazimika kulifikiri jambo hili. Huko mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulihesabiwa kwa alama 500, na watoto wa shule za binafsi walikuwa wakichukua nafasi nyingi katika shule za bweni za kitaifa. Mwaka 2011 serikali ikazigawa nafasi hizo ili watoto wa shule za serikali na wale wa shule za binafsi wawe na mafungu yao. Wazazi wa shule za binafsi wakanung'unika: mtoto wetu ana alama nyingi kuliko yule, naye ameachwa. Manung'uniko yao hayakuwa ya bure. Mtoto yule alikuwa amesoma usiku na mchana, wala si yeye aliyeichagua shule aliyopelekwa. Haki inapogawa kitu kichache, karibu daima humwacha mtu asiye na kosa amesimama nje, na anayefanya kazi ya kugawa hana ruhusa ya kujifanya hamwoni.

Kwa watoto walio karibu na mstari, wale ambao alama tatu au tano zimewatenga, yafaa waulizwe mara ya pili. Haitaki fedha nyingi. Waitwe watoto kumi. Asubuhi wafundishwe jambo jipya wasilolijua wote, la hesabu au la viumbe, kwa Kiswahili, na aliye na shida afafanuliwe kwa lugha ya kwao. Alasiri waulizwe juu ya jambo hilo. Mtihani wa kwanza ulionyesha kile ambacho mtoto amekwisha kupewa. Huu wa pili utaonyesha namna anavyopokea. Majina yafunikwe katika huu kama katika ule. Na kanuni yote ijulikane mapema, ibandikwe mlangoni kabla ya siku ya mtihani. Maana kanuni inayozaliwa baada ya orodha, hata ikiwa njema, hufanana sana na mbuzi.

Shule inayompokea mtoto kwa njia hii imejifunga deni. Yapasa imfundishe Kifaransa jioni katika miezi ya kwanza, kama Balley alivyofanya na Kilatini, wala isiseme: tumempa nafasi, ajitegemee. Iko pia karo. Shule ya msingi ya serikali haina malipo tangu Septemba 2019, lakini bweni lina godoro, lina unga, lina sabuni, na vyote vyanunuliwa. Mtoto aliyeitwa kwa jina lake kisha akarudishwa mlangoni kwa ajili ya fedha amekataliwa mara mbili. Hapo parokia na kijiji wana la kufanya, nao wasingoje serikali.

Warudi sasa wale wasichana wawili. Aliyepata 66 amepita kizingiti. Alama tano zilizowatenga ni pungufu ya zile ziwezazo kuwatenga wasahihishaji wawili. Katika darasa lake alikuwa wa kwanza. Akiulizwa mara ya pili na kuonekana kwamba anashika upesi, kitanda ni chake, wala hakupewa kwa sadaka. Na ubaya wa kukataliwa, ulio mkubwa zaidi kwake, umehesabiwa pale ambapo karatasi zenyewe zimeshindwa kuamua. Akiulizwa na asionyeshe zaidi ya alivyoonyesha, 71 isimame, msichana wa Kolwezi apokelewe, na yule wa Dilolo aandikwe wa kwanza miongoni mwa watakaorudi mwaka ujao, naye mwalimu wake atumiwe karatasi ili ajue pa kuanzia.

Na kama ni yule wa Kolwezi aliyeachwa, baba yake atakuja kuuliza. Mkuu wa shule asijifungie ofisini. Amkaribishe kiti, amwonyeshe kanuni iliyobandikwa mlangoni tangu mwezi uliopita, kisha aziweke mezani karatasi zote nne, mbili za asubuhi ya kwanza na mbili za alasiri, na amwache azisome kwa macho yake.